KAPETI HUFICHA MENGI: MEZA YA POOL NDANI YA NYUMBA

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa na mfanyakazi wa jamii wa parokia katika semina ya siku moja ya wazazi na viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa. Mhariri.)

 

Padre Paroko, viongozi wa jumuiya, wazazi wenzangu, na ninyi vijana mlioketi karibu na mlango ili mpate kutoroka mapema, hamjambo? (Kicheko.)

Nimepewa kichwa kinachosema "Michezo ya Vijana Nyumbani". Mfanyakazi wa jamii akipewa kichwa kama hicho huja na karatasi kubwa za kubandika ukutani na kalamu za rangi. Leo sikuja nazo. Nimekuja na pima maji ya fundi, hii hapa, na vipande vinne vya plaiwudi. Kazi yake mtaiona.

Nitasema juu ya kitu kimoja tu: meza ya pool ikiwekwa ndani ya nyumba, juu ya kapeti. Najua wengine mnasema hayo ni mambo ya matajiri. Ngojeni kidogo. Baa ikifungwa, au mwenye baa akinunua meza mpya, ile kuukuu huuzwa kwa bei ya kuelewana. Tangu Pasaka wazazi watatu wamenisimamisha nje ya kanisa wakiniuliza, "Mama, tukinunua hii meza tutakuwa tumeokoa watoto au tumeleta baa nyumbani?" Swali hilo ni zuri. Nitalijibu kwa kuwaeleza yaliyotokea kwangu, na sitaficha aibu yangu.

KWA NINI TULINUNUA

Kila wiki mimi hukaa ofisini nikiwashauri wazazi wa watoto wa wengine. Mwaka juzi nikagundua kwamba kifungua mimba wangu, wakati huo akiwa na miaka 16, akitoka shule hapiti nyumbani moja kwa moja. Anapitia senta. Hanywi pombe, la. Anacheza pool nyuma ya baa, na anayeshindwa analipa. Kwanza ilipotea kalkuleta. Nikaambiwa imeibwa darasani. Halafu ikapotea sweta ya shule, na huo ulikuwa mwezi wa saba, mnajua baridi ya mwezi wa saba. Hapo ndipo nilipoanza kuuliza.

Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010 hairuhusu mtu aliye chini ya miaka 18 kuingia mahali pa kunywea pombe. Lakini meza ilikuwa upande wa nyuma, na aliyekuwa akipokea pesa hakumuuliza mtu umri.

Baba watoto aliposikia alinyamaza siku mbili. Siku ya tatu akasema, "Mama, tukimfunga kamba ataikata. Tumletee hiyo meza hapa." Nikakataa kabisa. Kichwani mwangu pool na pombe vilikuwa kitu kimoja.

Na sikuwa nimekosea sana. Jina lenyewe la mchezo huu lina historia ya kamari. Kwa Kiingereza neno hilo lilikuwa na maana ya pesa za wachezaji zilizowekwa pamoja ili mshindi azichukue. Kule Marekani katika karne ya 19, vyumba vya watu kuwekea pesa juu ya mashindano ya farasi viliitwa kwa jina hilo, na ndani yake ziliwekwa meza za biliadi ili watu wapitishe wakati kati ya shindano moja na lingine. Jina likahamia kwenye meza, nayo meza ikabaki na sifa mbaya ya chumba.

Aliyenigeuza mawazo ni mtakatifu. Msicheke! Yohane Bosco, ambaye sikukuu yake ni tarehe 31 Januari, alizaliwa mwaka 1815 kaskazini mwa Italia katika familia maskini. Alipokuwa mwanafunzi katika mji wa Chieri alikosa pesa za kupanga chumba. Akapata kulala katika mkahawa wa mtu aliyeitwa Giovanni Pianta, na sehemu ya kazi yake ilikuwa kuangalia chumba cha biliadi usiku na kuandika pointi za wachezaji. Huyo ndiye baadaye aliyekusanya vijana wa mitaani wa Torino kwa michezo, sala na kazi za mikono, na Kanisa likamtangaza mtakatifu mwaka 1934. Nikajiuliza: kama Don Bosco aliweza kusimama kando ya meza ile akiwa kijana na asipotee, ubaya uko kwenye meza au uko kwenye yale yanayoizunguka?

Basi nikakubali.

TULIVYOIWEKA VIBAYA

Meza ililetwa Jumamosi kwa pikapu. Vijana wanne waliibeba, wakaigonga mlangoni, wakaiburuta sebuleni juu ya kapeti letu. Ni kapeti la kutoka ukuta hadi ukuta, lenye sponji chini, nililonunua kwa pesa za chama, na nililipenda kuliko kiti chochote. Saa ile ile wakaanza kucheza. Hakuna aliyepima kitu. Tulimshukuru Mungu, tukapika chapati.

Kwa muda wa wiki mbili nyumba ilikuwa na furaha. Kijana alikuwa akifika saa kumi na moja. Wenzake watatu wanne wakaja. Hata kijana wetu wa kazi, anayetuchungia ng'ombe, mtu mzima wa miaka 20, akimaliza kukama alikuwa anaosha mikono na kuingia kucheza. Nikajisemea, kumbe malezi si magumu!

Mwisho wa mwezi yule kijana wa kazi akanijia jikoni, anatazama chini. "Mama, naomba advansi." Nikashangaa, kwa maana nilikuwa nimemlipa siku tano zilizopita. Nikamuuliza kama nyumbani kwao kuna ugonjwa. Akasema hakuna. Nikamwuliza pesa zimeenda wapi. Akanyamaza, halafu akasema, "Ni meza, Mama."

Alikuwa amepoteza shilingi 1,200 kwa jioni tatu. Aliyezishinda ni mwanangu.

Na si hayo tu. Nilipombana, mwanangu alinieleza jambo ambalo sisi wakubwa hatukuliona. Meza ilikuwa imeinama. Mguu wa upande wa dirisha ulikuwa umezama. Mpira ukipigwa polepole ulikuwa unavutwa kwenye kona ile. Yeye, kwa kuwa anaishi na meza, aliujua mteremko wake kama anavyoijua njia ya kwenda kisimani. Mgeni hakuujua. Alikuwa anawaacha wapige kwa nguvu, yeye anapiga taratibu na kuacha kona imfanyie kazi.

Wazazi wenzangu, nilikaa chini. Nilikuwa nimetoa kamari baa nikaipa chai nyumbani kwangu, tena kamari ya mizani ya uongo, na aliyeibiwa ni mtu ninayemlipa mshahara kwa mkono wangu mwenyewe. Kitabu cha Mithali, sura ya 11, kinaanza kwa kusema jinsi Mungu anavyochukia mizani ya hila. Siku zote nilifikiri hayo yanawahusu wauza sukari.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992, namba 2413, inasema kwamba kuweka dau katika mchezo si dhambi kwa jambo lenyewe, lakini haikubaliki pale inapomnyima mtu kile anachohitaji kwa maisha yake na ya wanaomtegemea. Tena inasema kudanganya katika mchezo ni jambo zito, isipokuwa hasara ikiwa ndogo kiasi kwamba aliyeipata hawezi kuihesabu kuwa kitu. Shilingi 1,200 kwa mchunga ng'ombe si ndogo.

Baba watoto alimwambia mwanawe maneno machache sana: "Utazirudisha." Zilirudi baada ya likizo nzima ya kuvuna majani ya ng'ombe na kuuza mayai. Lakini meza nayo ilibidi irekebishwe. Kumwambia mtoto awe mnyoofu juu ya meza iliyopinda ni kazi bure.

JINSI YA KUIWEKA VIZURI

Sasa sikilizeni, hii ndiyo sehemu ya kuandika. Tulimwita fundi wa fanicha, na haya ndiyo aliyotufundisha.

1. Pimeni chumba kabla ya kununua. Meza ndogo ya baa, ile ya futi 7, ina uso wa kuchezea wa sentimita 198 kwa 99. Fimbo ya kawaida ni kama sentimita 147. Fimbo inahitaji nafasi kila upande, kwa hiyo chumba kisipungue sentimita 492 kwa 393, yaani futi 16 na zaidi kidogo kwa futi 13. Ukitumia fimbo fupi za sentimita 122, chumba cha futi 14 na nusu kwa futi 11 na robo kitatosha kwa kubanana. Chumba cha futi 10 kwa 10 hakitoshi hata ukiomba novena. (Kicheko.)

2. Jueni uzito. Chini ya kile kitambaa cha kijani, meza nzuri ina bamba la jiwe, aina ile ile ya sleti ambayo wazee wetu waliandikia shuleni. Bamba la sentimita 210 kwa 110, lenye unene wa sentimita 2, lina zaidi ya kilo 120 peke yake. Meza nzima ya baa hufika kilo 300 na kupita. Hayo ni zaidi ya magunia matatu ya mahindi ya kilo 90. Kwa hiyo kama unakaa ghorofani, ongea kwanza na mwenye nyumba. Kama sakafu ni ya mbao, fundi aangalie mihimili iliyo chini yake kabla meza haijaingia.

3. Fungueni kapeti mtazame chini. Hapa ndipo tulipokosea sisi. Tulipokunja kapeti kwenye ile kona ya dirisha tulikuta simiti imepasuka na kuzama unene wa kidole. Kapeti lilikuwa limeificha miaka yote, nasi tulikuwa tunapita juu yake bila kujua. Kama kapeti limegundishwa na halifunguki, laza ubao mrefu ulionyooka, uweke pima maji juu yake, utaona sakafu inaelekea wapi. Ufa uzibwe kwanza.

4. Wekeni plaiwudi chini ya kila mguu. Tazameni hiki kipande. Ni sentimita 20 kwa 20. Meza ya kilo 300 yenye miguu minne inaweka kilo 75 kwa kila mguu. Mguu wa sentimita 10 kwa 10 unakanyaga eneo dogo, kwa hiyo unazama kwenye sponji kama kisigino cha kiatu kirefu kwenye matope. Ukiusimamisha juu ya plaiwudi hii, eneo ni mara nne, na mgandamizo unabaki robo. Tumieni plaiwudi nene na ngumu, miguu yote minne ipate kipande cha aina moja. Na miguu yote iwe juu ya kapeti au yote iwe nje ya kapeti. Miwili ndani na miwili nje, hapo mnatafuta taabu.

5. Msiiburute. Kuburuta kunararua kapeti na kuvunja miguu. Tafuteni watu sita wenye nguvu, ondoeni miguu ikiwezekana. Jiwe likitolewa libebwe likiwa limesimama kwa ubavu. Likibebwa limelala laweza kupasuka kwa uzito wake lenyewe.

6. Pimeni. Weka pima maji juu ya meza kwa urefu wake, halafu kwa upana, halafu kutoka kona hadi kona. Upande ulio chini ndio unaoinuliwa. Meza nyingi za baa zina skrubu kubwa chini ya mguu, ukiizungusha kwa spana mguu unarefuka. Zisizokuwa nayo hupigwa kabari nyembamba za mbao kati ya mguu na plaiwudi. Kuinua kufanywe na watu wawili au zaidi walioshika fremu, wala si mtu mmoja kuvuta kona moja.

7. Jaribuni kwa mpira. Usukume mpira mmoja polepole sana, kwa urefu, kwa upana, kwenda na kurudi. Ukikunja njia kila mara kuelekea upande ule ule, meza bado. Badilisheni na mpira mwingine pia, maana mpira uliobanduka huyumba hata juu ya meza iliyonyooka.

8. Rudieni. Jambo hili ndilo watu husahau. Kapeti huendelea kushuka polepole chini ya uzito. Mliyoinyoosha leo haitakuwa imenyooka baada ya wiki mbili. Pimeni tena baada ya wiki mbili, tena baada ya mwezi, halafu kila baada ya miezi mitatu hivi. Fundi wetu alisema, "Mama, kapeti ni kama mkopo, halimalizi siku moja."

Kapeti lina faida zake pia, nisiliseme vibaya tu. Mpira ukianguka hauvunjiki wala hauvunji sakafu, kelele inapungua, na miguu haipati baridi. Shida nyingine ni ile chaki ya bluu. Iwekwe kwenye kisahani, isiachwe ikianguka ovyo. Ikimwagika, fagieni kwanza kwa brashi kavu. Ukianza kwa maji umeipaka rangi nyumba yako.

KANUNI ZA MEZA YETU

Baada ya kunyoosha meza tulikaa wote kuizunguka, na kijana wa kazi akiwemo, tukapatana:

(a) Hakuna pesa. Si sarafu, si M-Pesa, si kuahidi. Vijana waliuliza, "Hata soda?" Baba watoto akasema hata soda. Anayeshindwa anaosha vyombo vya jioni. Tangu siku hiyo nimepata wanaume wanne wanaojua sabuni iko wapi. (Makofi kutoka kwa akina mama.)

(b) Wasichana wanacheza. Tulikuwa tumeigeuza sebule kuwa ya wavulana, na binti yangu alikuwa akipitisha chai tu.

(c) Meza inafunikwa saa tatu usiku. Wakati wa masomo na wa sala pia imefunikwa.

(d) Anayefanya kazi kwetu akishika fimbo ni mchezaji kama wengine. Hapigiwi kelele, hatumwi dukani katikati ya mchezo.

(e) Pima maji inaning'inia ukutani kwenye msumari. Mchezaji yeyote, hata mgeni, anaruhusiwa kuishusha na kupima kabla ya kuanza. Hakuna kununa.

Hiyo ya mwisho ilipendekezwa na mwanangu mwenyewe. Sikumwambia.

WASIO NA NAFASI

Wengi wetu hapa hatuna sebule ya futi 16. Msihuzunike, wala msikope Sacco kwa ajili hiyo. Jumuiya inaweza kununua meza moja ikaiweka kwa familia yenye nafasi, au kwenye chumba cha ukumbi wetu, mradi wazazi wapange zamu ya kukaa hapo. Zamu hiyo iandikwe kama zamu ya kufagia kanisa. Na pasipo na uwezo huo, ubao wa drafti na visoda ni mchezo pia. Kitu ambacho hakiwezi kupungua ni mtu mzima kuwepo. Kule baa mwanangu alikosa mtu wa kumwuliza umri. Kwangu, kwa wiki mbili, alikosa mtu wa kumwuliza chochote, kwa sababu mimi nilikuwa jikoni nafurahi.

Sitaki mwende nyumbani mkidhani meza imemaliza shida zangu. Mwanangu sasa ana miaka 18, na bado mara moja moja husikia ameonekana senta. Tunaongea. Wakati mwingine tunagombana. Ni kama lile kapeti, tunarudia kupima.

Lakini wacha niwaambie la mwisho. Jumamosi moja, baada ya deni kulipwa lote, yule kijana wa kazi aliingia, akashusha pima maji ukutani, akaiweka mezani kwa urefu, kwa upana, na kona kwa kona. Alichukua wakati wake wote. Mwanangu alisimama akingoja, hakusema neno. Halafu wakacheza. Kijana wa kazi akamshinda mara tatu mfululizo. Na jioni hiyo aliyeosha vyombo ni mwenye nyumba.

 

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA JUMUIYA

Tazama: Vijana wetu hucheza wapi jioni? Ni nani mtu mzima aliye karibu nao wakati huo?

Amua: Katika nyumba zetu, ni mambo gani tumeyafunika kama ufa chini ya kapeti? Je, wanaotufanyia kazi wanapata haki sawa na watoto wetu?

Tenda: Tuchague jambo moja ambalo jumuiya yetu inaweza kufanya kabla ya likizo ya shule ijayo. Ni nani atalisimamia, na tutalipima tena lini?